Utangulizi: Kuiita Makala kwa Jina Lake

"Shikamoo mwalimu. Naomba ile makala ya yule Mzungu wa viboko."

Maombi mengi hunifikia hivyo hapa Mpanda, na simcheki anayeyaleta. Walioandika kuhusu viboko wa Mto Katuma ni wengi, Wazungu na Watanzania. Huyu habari kaisikia kwa mtu, kaibeba kichwani kutoka Sitalike, na amefika. Kinachobaki ni kuigeuza habari ile kuwa anwani: nani kaandika, mwaka gani, jarida lipi, juzuu na toleo la ngapi, kurasa zipi. Fani ninayokukaribisha imesimama juu ya kazi hiyo moja. Intaneti na malipo vinakuja baadaye, na ni vyepesi kuliko watu wanavyodhani.

Katavi imeandikwa kuliko sisi wenyewe tunavyojua. Liisa Malkki aliishi na wakimbizi wa Burundi pale Mishamo katikati ya miaka ya 1980, na kitabu chake cha mwaka 1995 kinasomwa kila panapofundishwa habari za ukimbizi. Tim Caro amehesabu wanyama wa hifadhi yetu kwa miaka mingi. Monique Borgerhoff Mulder amefuatilia ndoa na kaya za Wapimbwe tangu miaka ya 1990. Sehemu kubwa ya kazi hizo imo kwenye majarida ambayo mtoto wa Kibaoni hajawahi kuyashika. Reli ya kutoka Kaliua, kilomita 210, ililetwa Mpanda karibu na mwaka 1950 ili madini ya risasi yapate njia ya kutokea. Madaftari ya watafiti yakapata njia hiyohiyo, na tiketi zake zilikuwa za kwenda tu.

Mgeni wa fani hii hukwama kwanza kwenye majina ya mahali. Ukiandika "Katavi" kwenye kisanduku cha kutafutia, utaletewa hifadhi, viboko, na machache yaliyoandikwa tangu mkoa huu ulipozaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo tulikuwa Rukwa. Kabla ya Rukwa, iliyoundwa mwaka 1974, Mpanda ilikuwa chini ya Tabora, na enzi za Mwingereza tulihesabiwa ndani ya Jimbo la Magharibi. Anayetafuta habari za Karema lazima arudi nyuma zaidi: Wabelgiji walijenga kituo pale mwaka 1879, wakakiacha mwaka 1885 mikononi mwa wamisionari wa Kanisa Katoliki walioandika kwa Kifaransa, na hao waliweka alama juu ya herufi e ya katikati. Makabila nayo yana mtego wake. Waandishi wa zamani waliandika "Wafipa" na "Wakonongo" kama tunavyotamka. Waliofuata wakaikata ile "wa" wakabaki na Fipa, Konongo, Bende, Pimbwe. Tafuta kwa namna zote mbili. Mwanafunzi wangu mmoja alikesha akitafuta "Wabende" akakata tamaa. Asubuhi tulifuta herufi mbili tu na orodha ikajaa kioo.

Majarida nayo hubadili majina. Tanganyika Notes and Records lilianza Dar es Salaam mwaka 1936, na baada ya Muungano likawa Tanzania Notes and Records. Maktaba nyingine zimeliorodhesha kwa jina la kwanza, nyingine kwa la pili. Tena matoleo yake yalihesabiwa kwa namba moja inayoendelea, kwa hiyo fomu inayokulazimisha kujaza juzuu na toleo itakutesa. Andika namba hiyo, taja mwaka, kisha eleza kwenye nafasi ya maoni. Upande wa pili yupo binadamu, naye husoma.

Nayajua haya kwa kuungua. Miaka ya mwanzo niliwahi kuagiza makala ya kulipia nikiwa nimeweka juzuu mahali pa toleo na toleo mahali pa juzuu. Baada ya siku chache ikaja faili safi, kurasa 9, inahusu ugonjwa wa ng'ombe wa nchi nyingine kabisa. Hela haikurudi, na haikustahili kurudi. Walinipa nilichoomba.

Kulipa kwenyewe kuwe mwisho. Anza na nakala za bure ambazo waandishi huziweka kwenye kumbukumbu za vyuo vyao. Kisha uliza kama taasisi yako imesajiliwa Research4Life, mpango ulioanza na Hinari ya afya mwaka 2002 na AGORA ya kilimo mwaka 2003, ukizifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ambayo bei yake ingetuvunja mgongo. Husajiliwa taasisi, si mtu mmoja mmoja. Nywila huwa kwa mkutubi, na wakutubi wengine huilinda kama ufunguo wa ghala la mbegu. Mfuate, msalimie vizuri. Kwa vya zamani vinavyotuhusu, ulizia mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwandishi aliye hai muandikie barua pepe. Mistari mitatu inatosha. Wengi hufurahi kusikia kuna mtu Mpanda anataka kuwasoma.

Vikishindikana hivyo, ndipo unaagiza. Huduma inayojulikana zaidi ni ya Maktaba ya Uingereza, pale Boston Spa, Yorkshire. Donald Urquhart aliianzisha kama maktaba ya kuazimisha vitabu vya sayansi, ikafunguliwa mwaka 1962 kwenye eneo la kiwanda kilichotengeneza risasi na mabomu wakati wa Vita vya Pili. (Sisi tulichimba risasi, wao wakazijaza baruti, lugha yetu imenipa utani huu bure.) Unajaza anwani ya makala, unalipia huduma na ada ya mwenye hakimiliki, unaahidi kwamba nakala ni ya utafiti wako, unasubiri. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia maktaba hiyo na huduma zake nyingi zikalala kwa miezi. Waliokuwa na mlango huo mmoja tu walibaki nje.

Yule kijana wa viboko tulikaa naye saa nzima. Nilimuuliza aliyemsimulia alikuwa nani, alisikia mwaka gani, habari ilihusu maji kukauka au viboko kupigana. Tukabaki na waandishi wawili, kisha mmoja, na makala ikawa ya bure tangu mwanzo.

Sura ya kwanza inataka karatasi tupu na kalamu. Kompyuta iache imezimwa, bando lako utalihitaji kwenye sura ya tatu.