Motere ya umeme kwa pirogi: tuchague nguvu gani?



Katika mikutano yetu na makooperative, swali moja linarudi kila mara: « Esanse iko bei. Motere ndogo ya umeme inaweza kusukuma pirogi yetu? » Jibu letu: inaweza, lakini si kila pirogi, na si kila safari. Kabla kasa ya kooperative haijatoa dola hata moja, tufanye hesabu ifuatayo.

1. Tujue uzito wa pirogi

Pirogi ya mti haipandi kwenye mizani. Lakini maji yenyewe yanatupimia. Tia ndani watu, nyavu, batri na mzigo wa kawaida. Pima urefu, upana, na kina kilichozama. Mfano: urefu metre 8, upana senti 80, kina senti 20. Tukizidisha tunapata metre kibu 1,28, ni kusema kilo 1.280 za maji. Kwa sababu pirogi imechongoka mbele na nyuma, tunatoa thuluthi moja. Inabaki karibu kilo 850. Huo njo uzito wote.

2. Tutafute nguvu

Kwa kila kilo 100 za uzito, tunahitaji msukumo wa kilo 2. Pirogi yetu inaomba kilo 17. Kwenye motere nguvu inaandikwa kwa libra (lbs), na kilo moja ni libra 2,2. Kwa hiyo tunahitaji libra 37. Motere ya 40 inatosha kwenye maji yaliyotulia. Kwa mto wenye mkondo, tuchukue 55. Mpaka 55, batri moja ya volti 12 inatosha. Motere ya 80 inaomba batri mbili, ya 112 inaomba tatu, na bei inapanda vilevile.

3. Tupime mkondo

Hapa njo wengi wanakosea. Pima metre 50 kando ya mto, tupa kipande cha mti ndani ya maji, hesabu segonde. Kikifika kwa segonde 50, mkondo unakimbia kilometre 3,6 kwa saa. Motere hizi, pirogi ikiwa na mzigo, zinaenda karibu kilometre 5 kwa saa. Kwa kupanda Lualaba utapata kilometre 1,4 tu kwa saa nzima. Kuongeza libra hakuongezi sana mwendo: kunasaidia kusukuma uzito.

4. Batri inamaliza saa ngapi?

Motere ya 55 ikizunguka kwa nguvu yote inakula karibu ampere 50. Batri ya ampere 100 ya risasi isitumiwe kupita nusu, la sivyo inakufa mapema. Basi ni saa moja tu. Ukienda polepole, inadumu zaidi. Batri ya kuwashia kamyo haifai: nunua ile ya kutoa umeme polepole, kama zile za paneli za jua. Paneli ya wati 200 inaweza kurudisha hiyo nusu kwa siku moja ya jua zuri. Wakati wa mvua, hesabu siku mbili au zaidi.

Basi, nani anunue?

Kwa mvuvi anayetega nyavu karibu na kijiji, kwa kuvusha watu, kwa maziwa madogo ya pembeni: ndiyo, inafaa. Haina kelele, na kila siku hakuna bidoni ya esanse. Kwa kupeleka magunia ya mpunga na mawese mpaka soko la Kindu: hapana. Kooperative isiuze motere yake ya esanse kwa sababu ya hii.

Mambo matatu ya kushika:

- Anza safari kwa kupanda mto, batri ikiwa imejaa. Ikiisha, mkondo utakurudisha nyumbani.
- Weka fyuzi karibu na batri, tumia waya mnene, na funga batri ndani ya sanduku ili maji yasiingie.
- Usiache kafi nyumbani hata siku moja.

Kabla ya kununua, leteni vipimo vyenu kwenye mkutano wa kooperative. Tutafanya hesabu pamoja. Karatasi na kalamu ni bei rahisi kuliko motere isiyosukuma.