Daftari Kwanza, Django Baadaye

Mwaka 2004 madaktari wawili waliobobea katika kompyuta, Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief huko Indianapolis, walifika Eldoret na kukuta kazi iliyokwisha kuanzwa. Tangu 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, upande wa Nandi, kilikuwa kikihifadhi rekodi za wagonjwa kwenye Microsoft Access, katika mfumo uliojengwa na Chuo Kikuu cha Moi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana. Mfumo ule ulitosha kituo kimoja. Lakini mpango wa AMPATH wa kuwatibu wenye virusi vya Ukimwi ulikuwa ukipanuka kutoka Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi kwenda zahanati za mashambani, na fomu za kliniki zilibadilika kila dawa au swali jipya lilipoingia.

Aliyewahi kuunda jedwali la hifadhidata anajua uchungu wa hali hiyo. Ukitenga safu moja kwa kila swali, basi kila fomu inapobadilika lazima jedwali lifumuliwe. Wale madaktari waliligeuza jambo lenyewe: maswali yakawa data. Kamusi ya dhana ilibeba kila swali pamoja na majibu yanayoruhusiwa, na kila jibu la mgonjwa likawa mstari wake. Hiyo ndiyo OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret Februari 2006 na ambayo leo inahudumia hospitali za nchi nyingi. Daktari aliendelea kujaza fomu ya karatasi, makarani wakaiingiza kwenye kompyuta, na baadaye kompyuta ikachapisha muhtasari wa mgonjwa kwa karatasi ili uwekwe ndani ya faili kabla daktari hajamwona. Hakuna aliyeona haya kwamba mradi wa kisasa unatoa karatasi. Karatasi ndiyo iliyokuwa mbele ya daktari.

OpenMRS imeandikwa kwa Java, nami ninamwandikia kijana anayejifunza Django, kiunzi cha Python cha kujengea tovuti na mifumo ya wavuti. Hata hivyo vyombo hivi viwili vina asili zinazofanana. Django ilianza 2003 katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, ambako Adrian Holovaty na Simon Willison walitakiwa kujenga kurasa mpya kwa muda ambao mhariri alikuwa tayari kusubiri, na huo ulikuwa mfupi. Ikatolewa kwa umma Julai 2005. Vyote viwili vilitoka kwenye kazi yenye watu wanaongoja, na ninaamini ndiyo sababu vimedumu.

Mafunzo rasmi ya Django humwongoza mwanafunzi kujenga programu ndogo ya kura za maoni. Ni mafunzo mazuri, nami nawasihi wanafunzi wa Moi, wa Chuo Kikuu cha Eldoret na wa Eldoret National Polytechnic wayamalize yote bila kuruka sehemu. Taabu huja siku ya pili. Django hukupa upesi ukurasa wa msimamizi wenye fomu, orodha na sehemu ya kutafuta, na mtu huona mradi umekwisha wakati hata karani hajaulizwa anafanyaje kazi yake.

Tuseme ushirika wa maziwa hapa Uasin Gishu, labda Moiben au Ainabkoi, unataka kuacha daftari. Kabla ya kuandika modeli hata moja, kaa kituoni asubuhi moja nzima, mizani ikiwa kazini. Utaona mama akileta maziwa kwa nambari ya jirani yake. Utaona karani akikata kilo alizoandika vibaya kwa mstari mmoja, akaandika nyingine kando, kisha akatia sahihi. Mstari ule una maana kubwa: mkulima akija kulalamika mwisho wa mwezi, wote wawili wanaona kilichobadilishwa na aliyekibadilisha. Mfumo wako ukifuta kilo 14 na kuweka 11 bila kuacha alama, umewapa watu kitu duni kuliko daftari, nao watarudi kwenye daftari. Kwa hiyo weka sahihisho kama rekodi mpya inayorejelea ile ya zamani, yenye jina la aliyelifanya na saa.

Kisha kuna bei. Anayeanza huiweka bei ya kilo kwenye mipangilio, nambari moja, na hesabu zote huichukua hapo. Bei ikipanda mwezi wa tatu, malipo ya mwezi wa kwanza nayo yanapanda kwenye ripoti, na mhasibu anapoteza imani na kila kitu. Bei iwe na jedwali lake na tarehe ya kuanza kutumika. Makato ya chakula cha ng'ombe na ya huduma za mifugo yafuate kanuni hiyohiyo. Kwa kilo na shilingi tumia DecimalField. FloatField huleta visenti vya ajabu ambavyo hakuna mtu kwenye mkutano wa wanachama atakayeweza kuvieleza.

Majina nayo. Django humpa kila mtumiaji jina la kwanza na jina la mwisho. Mzee wa huku ana jina la ubatizo, jina la kuzaliwa na jina la baba lenye arap mbele yake, na akina Kiprotich kituoni ni wengi. Weka sehemu moja ya jina kamili kama mwenyewe anavyolitamka, na umtambue kwa nambari ya uanachama. Nambari ya simu ihifadhiwe kama maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea. Modeli yako mwenyewe ya mtumiaji itangaze siku ya kwanza, kabla ya maigresheni ya kwanza, maana kuibadilisha baadaye, majedwali yakiwa yameshikana, ni kazi ya kutoa machozi.

Mradi mpya wa Django huja na saa za UTC. Usipoandika Africa/Nairobi kwenye mipangilio, maziwa yaliyopimwa saa kumi na mbili asubuhi yataonekana yameletwa saa tisa usiku. Hapohapo badilisha lugha iwe sw: tafsiri ya Kiswahili imo ndani ya Django, na pale inapopungua unaweza kuongeza yako. Karani anayesoma ujumbe wa kosa kwa lugha anayoifanyia kazi hukupigia simu mara chache zaidi.

Malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, kiunganishi (API) cha Safaricom, huwapendeza wengi, na ndiyo sehemu inayoumiza zaidi. Safaricom hutuma jibu la malipo kwa anwani yako ya mtandaoni. Kompyuta iliyo mezani kwako haiwezi kulipokea bila njia ya kufikika kutoka nje. Jibu linaweza kuchelewa, au lisifike kabisa umeme unapopotea penye seva yako. Hifadhi ombi kabla ya kulituma, nambari ya risiti iwe ya kipekee kwenye jedwali ili malipo yasihesabiwe mara mbili, na uwe na kazi ya nyuma inayouliza hali ya malipo yaliyokwama. Jaribu haya yote kwa shilingi moja, mapema, ukiwa kwenye seva halisi. Ninasisitiza mapema: programu iwekwe kwenye seva wiki ya kwanza, hata ikiwa na ukurasa mmoja tu, DEBUG ikiwa imezimwa na SECRET_KEY ikiwa nje ya GitHub. Anayengoja mpaka programu ikamilike hukutana na matatizo yote ya seva siku ambayo mwenyekiti amealika wageni.

Msaada haupo mbali kama zamani. DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar Novemba 2023, na ukiuliza swali la Django leo, atakayekujibu anaweza kuwa mtu wa Arusha au Kampala.

Limebaki jambo ambalo miradi mingi ya wanafunzi haina: mtu wa kubaki nayo. Kazi ya AMPATH iliendelea kwa sababu Eldoret yenyewe ilikuwa na watengenezaji programu walioajiriwa kuihudumia mwaka baada ya mwaka. Ushirika wa maziwa hauwezi kuajiri timu, lakini unaweza kudai mambo machache kabla ya kulipa. Toleo la Django liwe lenye huduma ya muda mrefu: 5.2, la Aprili 2025, litapewa marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028. Seva na jina la tovuti viandikishwe kwa jina la ushirika, malipo yake yaingizwe kwenye bajeti ya mwaka, nywila zikabidhiwe katibu kwa maandishi. Nakala ya hifadhidata itoke kila usiku, na angalau mara moja irejeshwe kwenye kompyuta nyingine mbele ya karani, mpaka aone kilo za jana zimerudi zote.