Si Kila Maumivu ni Karma

Siku hizi mtu akipatwa na balaa, hakosekani wa kunong'ona pembeni kuwa hiyo ni karma yake. Jambo hilo Buddha aliulizwa uso kwa uso. Mtawa mmoja wa kutangatanga, Sivaka, alitaka kujua kama ni kweli kila raha na kila uchungu hutokana na matendo ya zamani. Buddha alikataa. Yapo maumivu, alisema, yanayoletwa na nyongo, makohozi, mabadiliko ya majira, mtu kutojitunza, hata kushambuliwa na wengine. Alitaja sababu 8, na karma ikaja ya mwisho.

Kwake karma ni nia kwanza. Anayemkanyaga konokono gizani bila kumwona na anayemponda makusudi, wote wameua, lakini karma ya kuua ni ya huyu wa pili.

Mateso yenyewe aliyaeleza katika mahubiri yake ya kwanza huko Sarnath, karibu na Varanasi, mbele ya watawa watano: kuzaliwa, kuzeeka, kufa, kutengana na umpendaye, kukosa unachokitaka. Chanzo chake ni tamaa isiyoshiba. Tamaa ikizimika, mateso hukoma, na njia ya kufika huko ina sehemu 8. Kukoma huko kwa mateso ndiyo nirvana. Mwili, hata hivyo, hauponi kwa kuelimika: Buddha aliwahi kumwachia mwanafunzi wake Ananda aendelee kufundisha, yeye akajilaza kwa sababu mgongo ulimuuma.

Kisa kigumu zaidi ni cha Angulimala, muuaji aliyevaa shingoni shada la vidole vya watu aliowaua. Aliacha upanga, akawa mtawa, akafikia ukombozi kamili. Siku moja, akiomba chakula mjini Savatthi, alipigwa kwa mabonge ya udongo, fimbo na vigae. Alirudi kichwa kinavuja damu, bakuli limevunjika, joho limechanika. Safari hii Buddha aliitaja karma waziwazi: vumilia, haya ni matunda ya uliyoyatenda.

Kwa hiyo nirvana haikufuta deni, ila ilimwondolea chuki ya kumrudishia aliyempiga. Mafundisho yanajibu vizuri mtendaji afanye nini na nafsi yake. Waliouliwa ndugu zao na Angulimala wanadai nini, kisa hakisemi, na kwangu mimi huo ni upungufu mkubwa.