Kinywa Kikishindwa, Mkono Unasema

Namna viongozi wa vikundi vyetu wanavyojifunza kutumia picha, kitambaa na wimbo kwa kusaidia wenye vidonda vya moyo

Siku ya kwanza ya mafunzo mwalimu wetu alipita kati yetu na bakuli la makala. Vilikuwa vipande vidogo, vile vinavyobaki chini ya mfuko wakati makala yameisha. Aliweka kipande kimoja mbele ya kila mama, pamoja na karatasi kubwa nyeupe, kisha akasema: "Choreni mahali ambapo moyo wenu unatulia."

Hakuna aliyesogeza mkono. Sisi ni viongozi wa vikundi. Tunajua kuendesha likelemba, kuhesabu michango, kupatanisha wanaogombana na kutembelea mwenye kufiwa. Lakini kuchora? Mama mmoja aliyeketi karibu nami alicheka, akasema: "Mwalimu, mimi niliacha shule mwaka wa nne. Kuchora ni kazi ya watoto." Mwalimu akamjibu kwa upole: "Hapa hakuna pointi, mama. Hakuna atakayesahihisha."

Yule mama akashika makala. Akachora mafiga matatu na chungu juu yake. Alipomaliza aliitazama ile picha kwa muda mrefu, vidole vyake vikiwa vyeusi, na machozi yakaanza kumtoka pasipo sauti. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mwalimu alikuja tu kuketi karibu naye. Baadaye mama akapangusa uso na kikwembe chake, akasema: "Ni jiko la mama yangu." Hayo tu. Hakuongeza neno, wala hakuna aliyemwomba aongeze.

Hapo nilielewa kile nilichokosa kuelewa mwaka mzima.

Sababu iliyonifanya niende

Niwaambie ukweli, hata kama unaniletea haya. Katika kikundi changu hapa Bukavu kulikuwa mama mmoja aliyekimbia kijiji chake na kuja kuishi kwa ndugu. Mimi nilikuwa nimesikia watu wakisema kwamba kusema ni dawa. Basi siku moja ya posho nikapanga viti kwa duara, nikaomba kila mmoja aeleze mbele ya wenzake yale yaliyompata.

Yeye alikuwa wa tatu. Alianza vizuri. Katikati sauti yake ikakatika, mwili ukaanza kutetemeka, macho yakawa mlangoni kana kwamba mtu fulani anaingia. Akasimama, akatoka bila viatu. Viatu vyake vilibaki chini ya kiti. Nilivitunza nyumbani kwangu majuma matano, mpaka binti yake alipokuja kuvichukua. Mama mwenyewe hakurudi.

Nilifikiri ninamsaidia. Kumbe nilikuwa ninafungua kidonda, na mkononi sikuwa na kitu cha kukifunga.

Kidonda cha moyo kinafanya nini

Mtu akipita katika hatari kubwa, mwili wake unajifunza kujilinda. Shida ni kwamba mwili unaendelea kujilinda hata hatari ikishapita. Mlango ukigongwa usiku, moyo unakwenda mbio. Harufu ya kitu kinachoungua, sauti ya viatu vizito barabarani, vinatosha kumrudisha pale. Usingizi unapotea. Mama anakasirikia watoto, kisha anajilaumu. Mwingine anakuwa kama jiwe, hasikii furaha wala huzuni.

Tena kumbukumbu hiyo hairudi kama hadithi yenye mwanzo na mwisho. Inarudi vipande vipande, kama jambo linalotendeka sasa hivi. Ndiyo maana maneno yanakosekana. Ukimlazimisha mama aeleze mbele ya watu, unamrudisha mahali pale bila kumwonyesha njia ya kutoka.

Picha, kitambaa na wimbo vinafanya kazi kwa namna nyingine. Mkono unapokuwa na kazi, pumzi inatulia. Kile kilichokuwa ndani kinawekwa nje, juu ya karatasi, na mwenyewe anaweza kukitazama, kukifunika, kukigeuza, hata kukichoma. Na jambo kubwa kuliko yote ni hili: yeye ndiye anayechagua. Aliyetendewa jeuri alinyang'anywa uwezo wa kusema ndiyo ao hapana. Sisi tunamrudishia uwezo huo kidogo kidogo: rangi gani, ukubwa gani, nionyeshe ao nifiche.

Wala hili si jambo la kigeni. Koko zetu walijua. Binti mwenye huzuni aliitwa kusuka kikapu kando ya mzee, na maneno yalitoka polepole, macho yote mawili yakiwa kwenye kazi. Kwenye kilio tunaimba usiku kucha, kwa sababu kuna maumivu ambayo mtu mmoja hawezi kuyabeba bila sauti za wengine.

Kazi iliyokwisha kufanyika kwetu

Tangu vita vya 1996, mashariki ya Congo imepita katika mengi, na wamama wamebeba sehemu kubwa. Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa hapa Bukavu mwaka wa 1999, inajulikana duniani kwa kazi ya kuwatibu walionajisiwa. Muganga wake, Denis Mukwege, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2018. Lakini si wote wanaojua kwamba kule Panzi kuna pia uponyaji kwa njia ya muziki: wamama wanatunga nyimbo zao wakiwa pamoja na mtaalamu wa mambo ya moyo na fundi wa muziki, kisha nyimbo hizo zinarekodiwa. Na katika Cité de la Joie, iliyofunguliwa mjini humu mwaka wa 2011, wamama na wasichana wanakaa miezi sita, na ngoma na michezo ya kuigiza ni sehemu ya uponyaji wao.

Lakini mama wa Shabunda ao wa Mwenga atafikaje Bukavu kila juma? Ndiyo sababu tunafundishwa sisi viongozi wa vikundi. Kuna wanaouliza: mtu asiye muganga anaweza kweli? Utafiti mmoja uliotolewa mwaka wa 2013 ulifuata wamama 405 wa vijiji vya mashariki ya Congo walionajisiwa ao kushuhudia unajisi. Katika vijiji vingine, wasaidizi wa Kikongo waliofundishwa na kusimamiwa vizuri waliongoza matibabu ya vikundi. Katika vijiji vingine, wamama walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya matibabu, wamama waliokuwa bado na dalili za kulemewa sana na huzuni ao hofu walikuwa 9 kwa 100 katika vikundi, na 42 kwa 100 kwa wale wengine. Matibabu hayo yalikuwa ya mazungumzo na mafundisho, si ya kuchora. Lakini yanatuonyesha kwamba kikundi, kikiwa na kiongozi aliyefundishwa na asiyeachwa peke yake, kina nguvu.

Mambo manne tuliyojifunza kwa mikono

Miguu chini. Kabla ya kazi yoyote, na mwishoni pia, tunaketi miguu ikigusa ardhi. Tunavuta pumzi, tunaitoa polepole. Kila mmoja anataja vitu vitano anavyoviona: dirisha, ndoo, kikwembe cha jirani. Hii inamsaidia mwenye kumbukumbu mbaya kujua kwamba yuko hapa, leo, na wenzake.

Mti wa maisha. Zoezi hili lilianzishwa na Ncazelo Ncube wa Zimbabwe na David Denborough wa Australia, kwanza kwa ajili ya watoto waliopita katika shida nzito. Unachora mti. Mizizi ni mahali ulipotoka na waliokulea. Udongo ni maisha yako ya kila siku. Shina ni mambo unayoyaweza. Matawi ni matumaini, majani ni watu wako, matunda ni zawadi ulizopokea. Kisha miti yote inabandikwa ukutani na inakuwa msitu. Hapo ndipo tunazungumza juu ya dhoruba, na hatuulizi dhoruba ilifanya nini. Tunauliza: miti hii inafanyaje ili isimame? Mama anajiona kwanza kama mtu mwenye mizizi, kabla ya kujiona kama mtu aliyeumizwa.

Kitambaa. Omba fundi wa kushona akuwekee mabaki ya vikwembe. Kila mama anashona kipande chake, anavyotaka. Anayetaka cheusi, ashone cheusi. Mwishoni vipande vinaunganishwa kuwa shuka moja la kikundi.

Wimbo. Tunachukua sauti ambayo wote wanaijua, tunaweka maneno yetu. Kikundi kinatunga kiitikio, na mwenye kutaka anaongeza ubeti. Hatumwombi mtu aimbe jeuri aliyotendewa. Tunaimba kile kilichomfanya afike leo.

Sheria za kiongozi

Mwalimu wetu alituambia kwamba zoezi linaweza kujifunzwa siku moja, lakini sheria hizi zinahitaji moyo wa kujizuia.

Usiulize: "Ulifanyiwa nini?" Uliza: "Unapenda kutuambia kitu juu ya picha yako, ao ikae hivi?" Jibu lolote ni zuri.

Usitafsiri kazi ya mwenzako. Mto mwekundu unaweza kuwa mwekundu kwa sababu rangi nyekundu ndiyo peke yake iliyobaki.

Usipige picha kwa simu, hata kama wafadhili wanaomba ripoti. Kazi ni ya mwenyewe. Akitaka kuichana, aichane.

Kilichosemwa ndani kibaki ndani. Kartie ni ndogo, na siri ikitoka, kikundi kimekufa.

Kila mama ajue kwamba anaweza kutoka wakati wowote. Kwa hiyo tuwe viongozi wawili: mmoja anaongoza, mwingine anatazama nyuso na kumfuata anayetoka.

Usifunge kikao wakati mtu bado analia peke yake. Maliza kwa miguu chini, kwa wimbo wa furaha, kwa kikombe cha uji ao chai.

Makala si dawa ya kila kitu

Tulifundishwa pia mipaka yetu. Mtu akinajisiwa, kitu cha kwanza si kuchora: ni kumpeleka kituo cha afya mara moja, kabla masaa 72 hayajapita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya SIDA zinapaswa kuanzishwa ndani ya muda huo, na kila saa ina maana. Hata masaa hayo yakipita, bado aende. Kuna matibabu mengine.

Mama anayezungumza juu ya kujiua, asiyelala wala kula siku nyingi, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ao asiyeweza tena kutunza mtoto wake, anahitaji muganga ao muuguzi aliyesomea mambo hayo. Usimwache peke yake na usimtume tu. Msindikize.

Na kiongozi naye ana kidonda chake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mafunzo ilikuwa kwa ajili yetu wenyewe. Huwezi kumshika mwenzako mkono katika njia ambayo unaiogopa. Nilipofika zamu yangu ya kuchora kitu kinachonilemea, nilichora viatu viwili chini ya kiti. Hakuna aliyeniuliza ni vya nani. Sasa sisi viongozi tunakutana kila mwezi, na siku hiyo hakuna mwenye kuongoza kikundi: ni sisi tunaochora na kuimba.

Juma hili katika kikundi chako, hata kama hujapata mafunzo, unaweza kuanza na jambo moja. Fungua kikao kwa miguu chini na vitu vitano. Usiongeze kitu kingine. Ona kama nyuso hazitabadilika kidogo.

Yule mama

Baada ya mafunzo nilikwenda kwa yule mama. Sikwenda kumwita arudi. Nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta akichambua maharagwe, nikaketi, nikachambua naye. Nikamwambia: "Mama, nilikosea. Sikupaswa kukuuliza vile mbele ya watu." Hakunijibu. Tuliendelea mpaka ungo ukaisha, nikaaga.

Siku ya posho ya pili yake, alikuja. Aliacha viatu mlangoni pamoja na vya wengine, akachagua kiti cha karibu na mlango. Nikamwekea mabaki ya vikwembe, akachukua ya kijani. Majuma manne sasa anashona kipande hicho. Hajasema neno juu ya kijiji chake, na mimi sijauliza. Sijui kama siku moja atasema.

Juma lililopita, wakati wa kufunga, aliinua kichwa na kuniuliza kama kuna uzi mwingine.