Wi-Fi ipo, mbona bando la simu linaisha?

Laptopu imeunganishwa na Wi-Fi ya ofisini. Simu nayo bado imechomekwa kwa waya wa USB, inagawa intaneti tangu asubuhi Wi-Fi ilipokuwa inasumbua. Saa mbili baadaye meseji inaingia: kifurushi kimeisha. Na Wi-Fi ilikuwa hewani muda wote.

Hakuna mwizi hapo. Aliyeamua ni jedwali la njia, orodha fupi iliyomo ndani ya kila kompyuta, inayoonyesha data ya kwenda mahali fulani ipite wapi. Video, picha, barua pepe, vyote hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na pakiti haitoki kabla orodha hiyo haijaangaliwa.

Kwanza, anwani iliyo mahususi zaidi ndiyo hushinda. Mkoani Tanga kuna Kwamsisi ya Handeni na Kwamsisi ya Korogwe. Mzigo ukiandikwa "Kwamsisi, Tanga" tu, konda ana haki ya kuuliza. Ukiandikwa "Kwamsisi, Korogwe", mjadala umekwisha. Kompyuta nayo ikiwa na mstari unaotaja mtandao wa ofisi peke yake, tuseme 192.168.1.0, itaufuata huo kuifikia printa, hata kama upo mstari mwingine wa jumla.

Mstari huo wa jumla huandikwa 0.0.0.0, yaani kwingine kote. Ndiyo njia ya YouTube, WhatsApp na karibu kila kitu kilicho nje ya ofisi. Sasa laptopu yenye Wi-Fi na simu kwa pamoja inakuwa na mistari miwili ya 0.0.0.0. Ifuate upi? Inaangalia namba ya pembeni iitwayo metriki, na namba ndogo ndiyo inayopita.

Windows hupanga namba hiyo yenyewe kwa kuangalia kasi ya kiungo kati ya laptopu na kifaa kilicho karibu nayo. Simu iliyochomekwa kwa waya huonekana kama kebo ya mtandao, hivyo inaweza kupewa namba ndogo kuliko Wi-Fi. Nani ananunua bando, hilo halimo kwenye hesabu.

Kuhakikisha, fungua Command Prompt na uandike route print -4. Tafuta mistari inayoanza na 0.0.0.0, kisha linganisha namba za safu ya mwisho. Kwenye Linux ni ip route.

Dawa rahisi ni kuchomoa waya, basi. Anayetaka simu ibaki kama akiba aandike ncpa.cpl kwenye Run, afungue Properties za muunganisho wa simu, aingie IPv4 kisha Advanced, atoe tiki kwenye Automatic metric na aweke namba kubwa, mfano 500. Wi-Fi ikikatika, simu inashika zamu.

Ila jedwali linajua hatua inayofuata tu. Wi-Fi ikiwa hewani lakini ruta haina intaneti, laptopu inaweza kung'ang'ania huko huko. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti kusuasua Tanzania, majedwali ya laptopu hayakubadilika hata mstari mmoja.