PARACHICHI LA MLIMANI HALITAKI HARAKA

Ndugu msomaji, ukishuka kutoka Kibosho au Machame kwenda Moshi mjini, unaona joto linaongezeka. Mimea nayo inalijua joto hilo. Mparachichi ulio chini hukomaza matunda mapema. Mparachichi wa aina ile ile ulio juu, kwenye baridi, huchelewa.

Tuchukue aina ya Hass. Kwenye joto, tunda lake huweza kukomaa miezi 6 hadi 8 baada ya ua. Kwenye baridi huweza kufika miezi 12, au hata zaidi.

Kuchelewa huku si hasara. Matunda ya chini yanapopungua sokoni, yako bado yako mtini. Lakini faida hiyo hupotea ukichuma matunda machanga.

HASARA YA KUCHUMA MAPEMA

Mnunuzi anaweza kufika kihambani mapema, fedha mkononi. Nyumbani mtoto anahitaji sare na madaftari. Mkulima anashawishika, anauza matunda yote, yaliyokomaa na machanga.

Tunda changa haliivi vizuri. Ngozi yake hujikunja. Nyama yake huwa ngumu kama mpira, wala haina mafuta ya kutosha. Mlaji akilila mara moja, harudi kununua tena.

Novemba 2022, Tanzania na China zilitia sahihi makubaliano ya kuuza parachichi zetu huko. Soko la mbali linataka tunda lililokomaa. Tunda changa la mkulima mmoja huharibu jina la wakulima wengi.

UTAJUAJE KUWA LIMEKOMAA?

Parachichi halilainiki likiwa mtini. Kwa hiyo kulibonyeza mtini hakusaidii. Fanya hivi:

1. Chuma matunda 3 makubwa.

2. Pasua moja, utazame ngozi ya kokwa. Ikiwa nene na nyeupe, tunda bado changa. Ikiwa nyembamba na ya kahawia, limekomaa.

3. Weka mawili yaliyobaki ndani ya nyumba. Yakilainika vizuri katika wiki moja au mbili bila kujikunja, anza kuchuma.

Anza na makubwa. Madogo yaache yaendelee kukua. Lakini usiyaache mtini muda mrefu mno. Mti uliobeba matunda ya zamani kwa muda mrefu huchoka, na mwaka unaofuata huzaa kidogo.

Usitikise mti. Kata kikonyo kwa mkasi, ukibakiza kipande kifupi kwenye tunda. Weka matunda kivulini. Tunda lililoanguka chini lisichanganywe na mengine, kwa kuwa huoza upesi.

UKITAKA KUPANDA

Panda mche uliobebeshwa. Kokwa la Hass halitoi mti wa Hass kamili. Bwana Rudolph Hass, mpeleka barua wa California, Marekani, aliandikisha aina hii mwaka 1935. Miti yote ya Hass duniani imetokana na mti wake mmoja kwa kubebesha. Mti huo wenyewe ulikufa mwaka 2002, lakini vizazi vyake vinaendelea.

Chimba shimo la futi 2 kwa kila upande, na futi 2 kwenda chini. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza. Mahali mche ulipobebeshwa pabaki juu ya udongo. Kutoka mti hadi mti acha mita 7 au zaidi.

Usipande mahali maji yanaposimama, wala mahali mfongo unapovuja. Mizizi ya mparachichi huoza upesi kwenye maji. Tandaza majani makavu ya migomba kuzunguka mti, lakini yasiguse shina.

Mche uliobebeshwa na kutunzwa vizuri huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4. Mwone bwana shamba au bibi shamba wa kata yako kabla ya kununua miche.

Ndugu wakulima, baridi ya mlima wetu inatupa tunda wakati wengine wamekwisha kuuza. Tulingoje likomae. Mvumilivu hula mbivu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini parachichi la juu mlimani huchelewa kukomaa?

2. Ngozi ya kokwa inatuonyesha nini?

3. Wakulima wa kijiji chetu wanaweza kukubalianaje siku ya kuanza kuchuma?