Panda Ukuta: Shamba ya Msee wa Ploti

Simama Pipeline, Nairobi, saa sita mchana, angalia juu. Kati ya ploti na ploti unaona kipande nyembamba ya mbingu, na huku chini hakuna udongo hata ya kujaza kikombe. Mwambie msee wa hapo apande sukuma, atakuuliza shamba iko wapi. Iko kwa ukuta. Lakini si kila ukuta ni shamba, na hapo ndo wasee wengi huchomeka mapema: wanabai gunia, wanajaza udongo, wanapanda, alafu miche zinarefuka zikipauka hadi zinalala. Wanalaumu mbegu. Wanalaumu mkono yao. Shida ni jua.

So kabla utoe hata mbao kwa mfuko, soma jua ya keja yako. Jumapili moja ukiwa umechill tu, cheki saa tatu, saa sita na saa tisa imepiga wapi na imekaa kwa muda gani. Ukipata masaa sita na kupanda, nyanya na pilipili hoho zitakubali. Nne hadi sita ni za sukuma, managu na kunde. Tatu hivi, panda spinachi, dhania, minti. Chini ya hapo usijichomee doo.

Alafu kuna kitu watu wa Kanairo hawaambiwangi. Sisi tuko hapa karibu kabisa na ikweta, upande ya kusini kidogo, na jua inatuvuka mara mbili kwa mwaka. Kuanzia katikati ya mwezi wa tatu hadi mwezi wa tisa, inapita upande ya kaskazini, so ukuta yenye inaangalia Thika ndo inachomwa. Mwezi wa kumi hadi wa tatu inahamia upande ya kusini. Ndo maana mboga za mtu hukuwa zimenona June, alafu December zinakata roho pahali pale pale, maji ile ile. Ukuta ya mashariki ama magharibi ndo salama zaidi: unapewa nusu siku, mwaka mzima. Kama keja yako ina sura moja tu, panda vitu za kuhama. Hizo za kuning'inizwa unaeza kuzitoa hapa ukaziweka pale.

Gunia nayo ghetto imeijua kitambo. Mwanzo wa 2008, vita ilipozuka baada ya kura, barabara zilifungwa na dishi ikawa noma kupata. Shirika ya Wafaransa, Solidarités, ilikuwa Kibera na Mathare ikigawia wasee miche za kupanda kwa magunia, na hizo mboga zikalisha manyumba. Hadi wa leo ukipita huko ndani utaona gunia imesimama kando ya mlango, imezungukwa na majani kutoka chini hadi juu.

Kuitengeneza inataka uvumilivu kuliko pesa. Tafuta gunia ya mahindi ya kilo 90. Changanya udongo mafungu mbili na mbolea ya ng'ombe ama mbuzi fungu moja, na hiyo mbolea iwe imeoza poa, juu mbichi inachoma mizizi. Alafu chukua kopo kubwa, ikate juu na chini ibaki wazi pande zote. Isimamishe katikati ya gunia, ndani jaza kokoto, nje zungushia udongo. Ikijaa, vuta kopo juu, jaza tena, vuta tena, hadi ufike kwa shingo. Ukimaliza, kokoto zimesimama katikati kama uti wa mgongo, na hiyo ndo njia ya maji. Ukikosa hiyo, maji inaloesha udongo ya juu tu, na miche za chini zinakufa na kiu.

Mbavuni toboa vishimo vidogo, sentimita 15 hadi 20 kati ya moja na ingine, uzipange zigizagi ndo mche moja isikalie mwenzake. Gunia moja inabeba sukuma kama 30 hapo kando, na juu kabisa unaweka vitunguu ama dhania. Wiki sita hivi unaanza kukata majani ya chini. Usivue mche nguo zote; achia ile ya moyo na kadhaa za juu, itakulisha miezi. Kama huna subira ya sukuma, anza na terere. Unamwaga mbegu, na mwezi haiishi kama hujadishi.

Gunia iwe chini, kwa ardhi ama kwa simenti ya ground. Hapa siongei kwa mchezo. Gunia ikiloa maji inapita kilo 100, na hatujui balkoni zetu zilijengwa na nondo ngapi. Huruma, 2016, ploti nzima ilishuka usiku wa mvua na ikaua watu zaidi ya 40. Ukiwa ghorofa ya nne, panda vitu nyepesi, na udongo yako ichanganye na maganda ya mchele ama kokopiti ipunguze uzito.

Kwa hao wa juu, chupa ya soda ya lita mbili ni mali. Ilaze, kata dirisha kwa mbavu, toboa tundu ndogo chini, ifunge kamba pande mbili. Ning'iniza moja chini ya ingine, tano, sita. Ukimwagilia ya juu, yenye inabaki inadondokea ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho, na hapo mwisho weka beseni. Weka beseni tafadhali. Matope ikidondokea shuka za jirani wa chini, hiyo shamba haitamaliza wiki. Chupa zenye zinapitisha mwanga zipake rangi ama zifunge na gazeti, juu mizizi hazipendi kuangaziwa na mwani ya kijani inamea ndani. Chupa ni ya dhania, minti, terere. Sukuma inataka nafasi, ipee mtungi ya mafuta ya kupika ya lita tano.

Na grili! Kila dirisha Kanairo ina chuma, na hiyo chuma inabeba bomba ya PVC ya inchi nne bila kulia. Mafundi wa mabomba hubaki na vipande zenye hawana kazi nazo. Toboa juu, ziba mwisho, funga na waya. Hiyo hiyo grili ni ngazi ya kunde ya kutambaa. Ndege wakianza kudonoa sukuma, funika na zile neti nyekundu za vitunguu, mama mboga atakupea.

Maji ndo vita kubwa. Mfereji ikikauka siku tatu na mtungi ipandishwe bei, hakuna mtu atanyima mtoto ndo anyweshe minti. Weka ndoo kando ya sinki: maji ya kuosha mchele, ya kuosha mboga, ya kusuuza nguo mara ya mwisho. Yenye ina Jik, hapana. Ya mtaro, hapana kabisa, hata mboga ikinona vipi.

Udongo pia chunga. Usiokote karibu na dampo, gereji ama reli. Mwaka wa 2007 UNEP, shirika ya mazingira ya UN, ilitoa ripoti kuhusu dampo ya Dandora, na ledi, ile madini ya sumu, ilipatikana kwa udongo na kwa damu ya watoto wa hapo. Haionekani na haina harufu. Mitungi zenye zilibeba rangi ama dawa pia wachana nazo. Bora ulipie udongo safi ya gunia moja kuliko kulisha mtu wako sumu ukidhani unampea mboga.

Sasa turudi kwa jua, juu kuna pahali kila ploti iko nayo ya kutosha, siku nzima: rufu. Na rufu nyingi ziko na kufuli. Kitambo kanjo ilikuwa inafyeka mahindi za watu kando ya barabara, lakini tangu 2015 Nairobi iko na sheria ya kukuza kilimo ya mjini, so kupanda hapa si uhuni. Mkitaka kufunguliwa, msiende kwa landlodi mmoja mmoja. Jipangeni wanne, watano, mpitie kwa keateka na mpango kwa karatasi: hakuna gunia kubwa huko juu, ni mitungi na chupa, zimepangwa kando ya ukuta, mbali na tangi na kamba za nguo, na nyinyi ndo mtaosha rufu kila wiki na kuzibua mifereji kabla ya mvua. Mwambieni landlodi ajaribu miezi tatu.

Na kwa landlodi mwenye anasoma hii: hiyo jua haikugharimu kitu, na kwa ploti yako kuna mathe wa ghorofa ya kwanza mwenye hajawahi kuiona dirishani mwake. Fungua mlango ya juu.